Talaka ya Nchi Mbili: Namna ya Kuchagua Mahakama Kabla Mali Haijapukutika

Alikuja na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mlikuwa na ukurasa mmoja wa daftari. Mumewe anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na tatu sasa. Alikuja likizo, akakaa wiki mbili Makorora, na siku ya kuondoka akamwachia kaka yake karatasi yenye mistari mitatu: talaka tatu, mashahidi wawili, tarehe. Ndugu wa mke walishamwambia akae eda, adai salio la mahari yake, asiwape watu la kusema. Alichotaka kwangu ni kuandikiwa barua ya kudai hayo mahari.

Nilimuuliza maswali manne. Nyumba ya Leicester bado ina mkopo? Mumeo kazini anakatwa pensheni? Nyumba ya Sahare iko kwa jina la nani? Na karatasi hii, kuna mahakama iliyoiona? La mwisho ndilo lililomshtua. Hakujua kwamba kwa sheria ya Tanzania Bara, saa ile alipokaa mbele yangu, bado alikuwa mke halali wa yule bwana. Hakujua pia kwamba mahakama ya Uingereza ingeweza kumsikiliza yeye, mtu wa Makorora ambaye hajawahi hata kupanda ndege.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, na kwa miaka mingi nimekaa na watu wa Ngamiani, Chumbageni, Pangani na Muheza ambao wenza wao wako Uingereza, Oman, Ujerumani, Marekani au hapo Mombasa tu. Nimeona walioondoka na haki yao, na nimeona waliokosa kila kitu kwa sababu ya kuanza na mahakama isiyo yao. Huu ndio utaratibu ninaoufuata. Utakufikisha kwa wakili ukiwa unajua unachouliza. Kumuona wakili wa nchi husika, hata mara moja, ni lazima.

Wengi huanza kwa kuuliza: wapi talaka inatoka haraka? Swali hilo liweke pembeni. Uliza mali iko nchi gani, na hukumu ya mahakama ipi itaifikia.

Hatua ya 1: Jua ndoa yako inahesabiwa wapi

Nikahi iliyofungwa Tanga kwa taratibu za Kiislamu ni ndoa kamili chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, sawa na ya kanisani, ya bomani au ya kimila. Kutoandikishwa peke yake hakuibatilishi, lakini ndoa isiyo na cheti inakutesa ukivuka mpaka. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta cheti. Kama kimepotea, fuatilia nakala RITA (wakala wa serikali wa usajili) au ofisi ya mkuu wa wilaya ulikoolewa. Kama ndoa haikuandikishwa, iandikishe sasa, mashahidi wakiwa hai na mwenzako hajawa adui.

Nikahi iliyofungwa hapa kihalali inatambuliwa Uingereza. Lakini nikahi iliyofungwa msikitini Leicester au London, bila ndoa ya msajili wa serikali, huko si ndoa kisheria. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililisema hilo waziwazi mwaka 2020. Nimewaona wazazi wa Tanga wakimsafirisha binti, nikahi ikasomwa sebuleni mwa mjomba, picha zikapigwa, na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Miaka minane baadaye binti hana talaka ya kudai kwa sababu kisheria hakuwa na ndoa. Anabaki kuthibitisha kwa risiti alichoweka yeye mwenyewe kwenye nyumba. Kama una binti anayeposwa na mtu wa nje, hili lisimamie kabla ya kupanga ngoma na pilau.

Na talaka yenyewe? Talaka ya mdomo au ya karatasi iliyotolewa Tanzania Bara ina uzito wake mbele ya dini, ila kisheria ndoa inaendelea hadi mahakama itoe amri. Talaka iliyotamkwa ndani ya Uingereza nayo haivunji ndoa kwa sheria ya kule, kwa sababu chini ya Sheria ya Familia ya 1986 talaka ya ndani ya nchi ile ni ya mahakama ya kiserikali tu. Zanzibar mambo ni mengine: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki kule, na Mahakama za Kadhi ni mahakama za serikali. Mtu wa Tanga mwenye mume wa Pemba asidhani kwamba kuvuka maji yale ni kama kwenda Muheza.

Hatua ya 2: Tafuta milango iliyo wazi

Nchi huchaguliwa kati ya zile zinazokubali kukusikiliza. Chukua karatasi, andika majina ya wote wawili, na mbele ya kila jina: uraia, anapoishi sasa, tangu lini, na nchi anayoihesabu kuwa kwao kwa kudumu. Hiyo ya mwisho ina maana yake ya kisheria. Mtu anaweza kuishi Muscat miaka ishirini na kwao kukabaki Pangani.

Tanzania Bara itakupokea ikiwa ndiyo kwenu kwa kudumu, au ukiwa umeishi hapa mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua shauri. Ndoa isiyotimiza miaka miwili inahitaji kibali maalumu cha mahakama kwanza.

Uingereza (nazungumzia England na Wales, Scotland ina sheria yake) itakupokea, pamoja na njia nyingine, ikiwa mlalamikiwa anaishi huko, au mlalamikaji ameishi huko mwaka mzima, au mmoja wenu anahesabiwa kuwa kwao ni kule. Irudie sentensi hii taratibu: *ikiwa mlalamikiwa anaishi huko*. Mwanamke wa Makorora ambaye mumewe anaishi Leicester ana mlango Uingereza hata kama hana viza. Ndoa iwe imefikisha mwaka mmoja. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Unatamka tu kwamba ndoa imevunjika.

Ujerumani nayo inafuata kanuni inayofanana: mume au mke unayemshitaki akiwa mkazi wa kule, mahakama yao inaweza kusikiliza. Marekani haina sheria moja ya talaka, kila jimbo lina yake. California, kwa mfano, inataka mmoja wenu awe ameishi miezi sita jimboni na miezi mitatu katika kaunti anakofungulia.

Wengi mtagundua mna milango miwili. Wachache mna mitatu.

Hatua ya 3: Orodhesha mali, kila nchi ukurasa wake

Nunua daftari. Ukurasa wa Tanzania: nyumba, viwanja, mashamba, magari, mashine, akaunti, mifugo. Ukurasa wa nje: nyumba na mkopo wake, pensheni ya kazini, akiba, gari, madeni. Kila kitu kiwe na mistari minne: kiko wapi, kwa jina la nani, kilipatikana mwaka gani, fedha ilitoka wapi.

Mstari wa jina usiuvuke haraka. Kwetu hapa mtu wa nje hutuma fedha, ndugu anasimamia ujenzi, na mwisho hati inatoka kwa jina la ndugu. Mahakama ya talaka inagawa mali ya wanandoa. Haigawi mali ya shemeji. Kama nyumba ya Sahare ina jina la kaka wa mume, utalazimika kuthibitisha kwanza kwamba fedha ilikuwa ya nyumba yenu na kaka alikuwa mshika jina tu, na huyo kaka lazima aitwe ajieleze. Kwa hiyo kusanya sasa: miamala ya simu, risiti za kutumiwa fedha, ujumbe wa WhatsApp unaosema "leo nimetuma ya bati", mkataba wa mauziano uliopigwa mhuri serikali ya mtaa, barua ya toleo, picha za msingi mpaka kupaua. Piga picha nyaraka zote na uzihifadhi mahali ambapo simu ikipotea hazipotei.

Viwanja vya Chongoleani viandike hata kama vilinunuliwa kwa bei ya kutupa. Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia pale, ardhi ya upande ule haizungumzwi kama zamani.

Hatua ya 4: Pima kila nchi inaweka nini mezani

Nitatumia mfano wa kutunga, namba ziwe nyepesi. Ndoa ya 2010. Mume Leicester, mke Tanga na watoto wawili. Nyumba ya Leicester, ukitoa mkopo, imebaki na thamani ya pauni 120,000. Pensheni ya mume ina thamani ya pauni 90,000. Nyumba ya Sahare, shilingi milioni 150. Vyote kwa jina la mume.

Mkiishia kwenye karatasi ya daftari, mke anapata salio la mahari, matunzo ya eda na, mume akiwa mwungwana, kiliwazo, yaani kitu cha kumfariji aliyeachwa. Haya ni haki yake, na simshauri mtu ayadharau. Lakini nyumba na pensheni hazijaguswa.

Mahakama ya Tanga itatumia kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa: mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndani ya ndoa inagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili na mahitaji ya watoto wadogo. Je, kupika, kulea na kumuuguza mkwe ni mchango? Ndiyo. Mahakama ya Rufani ililiamua hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wengi wanaolitaja shauri hilo hawalimalizii: Bi Hawa alishinda hoja akakosa mgao, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokabidhiwa na mumewe alizitumia ovyo. Ukija mahakamani na maneno matupu, kanuni nzuri haitakujengea nyumba. Hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja hapa. Kuna asilimia utakayoithibitisha. Na hata ukishinda, hakimu wa Tanga hana mkono wa kuifikia rejesta ya ardhi ya Uingereza, wala mfuko wa pensheni wa kule hautii amri yake. Kwa mfano wetu, anaweza kugawa vizuri ile ya milioni 150. Kilichoko Leicester, ambacho ndicho kikubwa, kinabaki kule.

Mahakama ya Uingereza inaanza kwengine kabisa. Tangu shauri la White mwaka 2000, majaji wanapima kila mgao kwa kipimo cha usawa, na kazi ya nyumbani haiwekwi chini ya mshahara. Kisha wanaangalia mahitaji: watoto watalala wapi, mke ataishi kwa nini, ndoa ilidumu miaka mingapi. Wanaweza kuamuru nyumba iuzwe, wakatoa fedha ya mkupuo, matunzo ya kila mwezi, na wakaikata pensheni ikawa na sehemu kwa jina la mke. Wanahesabu mali ya dunia nzima. Nyumba ya Sahare wataiweka kwenye hesabu, na mara nyingi suluhisho huwa ni mmoja kubaki na ya Tanga na mwingine kufidiwa kwa ya Leicester. Ila wakipima mahitaji ya mke anayeishi Makorora watapima kwa gharama za Makorora, basi usitarajie maisha ya London ulipiwe ukiwa hapa.

Mume au mke akiwa Oman, usiende na matumaini ya kugawana. Sheria ya Hadhi ya Mtu Binafsi ya mwaka 1997 inafuata fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu: mali ya mume ni ya mume, ya mke ni ya mke. Mwanamke anadai mahari ya baadaye, matunzo ya eda, kiliwazo na matunzo ya watoto. Kiinua mgongo cha kazi ya miaka ishirini ni cha aliyekifanyia kazi. Kwa watu hawa kwa kawaida nasema: yaliyoko Tanga yadai Tanga, na yale ya fiqhi yadai Muscat. Upande wa pili wa shilingi unamgusa mwanamke wa Tanga aliyejenga kwa mshahara wake mwenyewe akiwa Muscat. Kule nyumba yake ni yake, lakini hapa mume aliyekaa akisimamia mafundi anaweza kudai sehemu, na asidhani atafukuzwa mahakamani kwa kuwa ni mwanamume.

Kenya iko jirani na watu wanaichukulia kama nyumbani. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi ya ndani na malezi kuwa mchango, lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu kwa kila ndoa, mchango unathibitishwa. Muislamu anaweza kutumia sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na Mahakama za Kadhi za Kenya ziko ndani ya Katiba. Kwa hiyo mtu wa Horohoro aliyeolewa Mombasa aamue mapema anakwenda kwa Kadhi au mahakama ya kawaida, maana hesabu inaweza kutofautiana sana.

Ujerumani wana njia yao: kila mmoja anabaki na mali yake, ila mwisho wa ndoa wanapima nani amezidisha zaidi tangu siku ya ndoa, na aliyezidisha anamlipa mwenzake nusu ya tofauti. Haki za pensheni zilizopatikana ndani ya ndoa zinagawanywa. Kwa kawaida mnatakiwa muwe mmetengana mwaka mmoja kwanza.

Marekani, majimbo tisa, zikiwemo California na Texas, yanahesabu kilichochumwa ndani ya ndoa kuwa cha wote. Mengine yanagawa kwa haki kadiri jaji anavyoona. Mawili ya kukumbuka. Ndoa iliyofikisha miaka kumi inaweza kumpa mtalaka haki katika mafao ya uzeeni ya serikali kupitia rekodi ya mwenzake. Kwa hiyo aliye na miaka tisa na miezi minane asikimbilie kusaini. Na yule aliyemdhamini mwenzake kwa fomu ya I-864 ili apate makazi, talaka haimwondolei dhamana ile.

Hatua ya 5: Uliza hukumu itafikaje kwenye mali

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, wakiwa tayari wameshinda.

Talaka iliyotolewa na mahakama ya nje inatambuliwa Tanzania Bara iwapo mmoja wenu alihesabiwa kwao ni nchi ile, au alikuwa mkazi wa kawaida huko kwa angalau miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Huo ni utambuzi wa talaka yenyewe. Ardhi ni jambo lingine: karatasi ya jaji wa London haiingii moja kwa moja masjala ya ardhi Tanga ikabadilisha jina. Utahitaji mahakama ya hapa. Ndiyo maana, ukishitaki nje, mwombe wakili wako asikimbilie kugawa kila nyumba. Aombe fidia kutoka kwenye mali iliyo chini ya mkono wa jaji yule.

Uraia nao una neno. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kama ulishachukua pasipoti ya Uingereza, usiombe umilikishwe kiwanja cha Raskazone kabla wakili hajakuhakikishia kwamba sheria ya leo inakuruhusu. Omba kiuzwe ugawiwe fedha, au ulipwe thamani yake. Nimemwona mtu akishinda kiwanja ambacho hakuweza kukiandikisha kwa jina lake.

Matunzo ya kila mwezi yana tabu zake pia. Amri ya shilingi dhidi ya mtu anayelipwa pauni inaonekana nono mwaka wa kwanza, mwaka wa sita haitoshi karo. Na mtu akihama kazi, akahama mji, unaanza kumtafuta upya. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya mkupuo na kidogo kidogo kutoka kwa mtu aliye mbali, mimi nasema chukua mkupuo.

Hatua ya 6: Funga milango ya kutokea mali

Hili lifanye kabla mwenzako hajajua unakwenda mahakamani.

Nyumba ya familia iliyo Tanzania Bara haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani au kutolewa zawadi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema hivyo na kinakupa haki ya kuweka zuio kwa msajili wa hati. Nenda ofisi ya ardhi na cheti cha ndoa. Kama nyumba haina hati, ina mkataba wa serikali ya mtaa tu, mwandikie mwenyekiti wa mtaa na mtendaji barua, wapige mhuri nakala yako. Haina nguvu ya zuio, lakini mnunuzi wa Tanga huuliza serikali ya mtaa kabla ya kutoa fedha.

Uingereza, mahakama inaweza kuzuia mtu asiuze mali ili kukukimbia, na ukishaomba mgao wa nyumba unaweza kuweka taarifa ya kesi kwenye rejesta ya ardhi. Mwambie wakili siku ya kwanza, maana nyumba ikishauzwa na fedha ikahamishwa Dubai kilichobaki ni kuifukuzia.

Hatua ya 7: Nani atangulie, na ndoa mpya isubiri

Tuseme umechelewa. Mume Mtanzania amefungua shauri Tanga, akapata talaka kwa njia ya haki, wewe uliitwa ukasikilizwa. Uingereza itaitambua talaka hiyo, na huwezi kuomba nyingine kule. Usikate tamaa bado. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984, sehemu yake ya tatu, inamruhusu aliyeachwa nje ya nchi kuomba mgao wa mali kule kwa kibali cha mahakama, ikiwa mmoja wenu ana uhusiano wa kutosha na nchi ile, mathalani mkazi wa mwaka mzima.

Shauri linalotajwa sana ni la Agbaje, wanandoa wenye asili ya Nigeria. Mahakama ya Lagos ilimpa mke haki ya kukaa katika nyumba ya Lagos maisha yake yote pamoja na fedha zinazokaribia pauni 21,000. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilithibitisha apewe asilimia 65 ya mauzo ya nyumba ya London, kama pauni 275,000, kwa sharti aiachie ile haki ya Lagos. Talaka haikufutwa. Mgao ndio ulioongezwa.

Sasa sikiliza, na uwaambie mama na mashangazi zako. Ukiolewa tena, au ukioa tena, kabla ya kufungua ombi hilo, mlango unafungwa. Hata ndoa ya nikahi tu inaweza kukuponza. Kwetu eda ikiisha, posa zikaja, watu wanasema usimkatae mtu mwema. Mwambie mtu mwema asubiri mpaka faili lako limeingia mahakamani.

Na ukiwa una milango miwili na ile yenye mgao bora ni ya nje, fungua kule kwanza. Mahakama ya Tanzania hailazimiki kusimama kwa sababu tu kuna shauri nje, na ya Uingereza inaweza kusema Tanzania ndiko panapofaa zaidi. Kuanza mapema si ushindi, ila kunakupa nafasi ya kujieleza kabla mambo hayajaamuliwa.

Ukiamua kufungua Tanga

Anza baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, au la BAKWATA kwa Waislamu, au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na cheti hicho kisizidi miezi sita siku unapofungua shauri. Kuna waliosamehewa hatua hii, na watu wa makala hii wamo: mwenzako akiwa anaishi nje na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi sita, au hujui aliko, unaweza kwenda mahakamani bila cheti. Lieleze hilo ndani ya maombi yako, usisubiri kuulizwa.

Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza, na ada yake ni ndogo. Lakini kama kuna mali ya nje, mshika jina, au nyaraka za kizungu, nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ambako unaweza kusimama na wakili. Omba yote kwa mara moja: talaka, mgao, matunzo, watoto. Wengi huomba talaka peke yake wakidhani mali itafuata, kisha wanarudi miaka miwili baadaye kiwanja kina mtu mwingine.

Ukiwa nje huwezi kuja, mpe ndugu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji au ubalozini.

Gharama na muda

Uingereza ada ya ombi la talaka ni pauni 612 tangu Aprili 2025, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe. Ombi linafanywa kwa mtandao. Kuna wiki 20 za kusubiri, kisha wiki 6, ndipo amri ya mwisho. Kesi ya mali ni tofauti na inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kinachokula fedha ni mawakili: mkipatana mkaandikiwa makubaliano ya kuidhinishwa na jaji, gharama ni ndogo, mkigombana, zinaweza kumeza nyumba. Mahakama inaweza kumwamuru mwenye fedha amlipie mwenzake gharama za wakili, kwa hiyo ukata usikufanye ujitoe. Hapa nyumbani, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama TAWLA na WLAC husaidia wasio na uwezo.

Nina ushauri mmoja kuhusu hesabu. Mali yote ikiwa ni nyumba ya Sahare tu, na mwenzako kule Leicester amepanga chumba, hana pensheni ya maana, usihangaike na London. Fungua Tanga.

Watoto wasiwe mtaji

Usimchukue mtoto Leicester ukamleta Tanga kimya kimya ili kesi ihamie huku. Uingereza ni kosa la jinai kumtoa mtoto nchini bila ridhaa ya mwenye haki juu yake au amri ya mahakama, na jaji atakayegawa mali yenu atalijua. Vivyo hivyo usimwache mtoto likizo kwa bibi halafu ukakatalia pasipoti. Matunzo ya mtoto yanadaiwa mahali popote alipo, hata kama talaka inaendelea nchi nyingine.

Baada ya hukumu

Chukua nakala zilizothibitishwa zisizopungua tatu. Peleka amri ya talaka RITA iandikishwe, maana bila hivyo siku ukitaka kuoa au kuolewa nje utaulizwa ushahidi usio nao. Kama ulikuwa na viza ya mwenza, uhamiaji wa nchi ile lazima wajulishwe, na uwe umeshazungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla amri ya mwisho haijatoka. Badilisha mrithi kwenye bima na akiba za kazini. Fuatilia amri ya pensheni mpaka mfuko ukujibu kwa maandishi.

Yule mwanamke wa Makorora hakuandikiwa barua ya mahari siku ile. Alirudi kesho yake na mfuko wa rambo umejaa risiti za miaka kumi za fedha zilizotumwa kwa shemeji, kila moja ameandika nyuma kwa kalamu: saruji, nondo, fundi wa milango.